Kifuu Chini ya Bilula

Sijui kama jambo hili lafaa kuandikwa. Watu wanaoandika huandika safari zao za Hija, au nasaba za kwao, au ugomvi wa mirathi ili watoto wajue nani alimdhulumu nani. Mimi nataka kuandika namna nilivyotafuta kipimo cha maji ya moto ya kumwogeshea mama yangu magoti. Elimu yangu ni ya chuoni tu. Nilihitimu msahafu, nikajua kuchonga kalamu, kisha nikatiwa katika kushona kofia, na ndiyo kazi yangu hata sasa. Msomaji akikuta neno limekaa kombo, anisamehe. Akikuta mahali nimejipendelea, asinisamehe.

Mama alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, akaja hapa Amu, mjini Lamu, kwa kuolewa. Msimu ule wa kusi magoti yake yalikaza. Kushuka ngazi alishuka kwa makalio, kidato kwa kidato, akicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kutufunga midomo sisi tusimhurumie. Kilichomuuma zaidi ni swala. Aliswali ameketi juu ya kigoda, na akifika kusujudu huinama tu, kichwa kikabaki hewani. Maalimu wa mtaani alimtumia salamu mara mbili kwamba swala yake ni sahihi, mgonjwa ana ruhusa yake. Mama akajibu kwamba ruhusa ameisikia.

"Lakini nataka kuweka paji la uso chini," aliniambia. "Huku kusujudu kwa kukaa kitako kama kadhi mimi sikuzoea."

"Mwenyezi Mungu anaijua nia yako, Mama."

"Anaijua. Nami nayajua magoti yangu. Yalikuwa yakifika."

Akajiwekea ahadi kwamba Ramadhani haitamkuta juu ya kigoda. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku kidogo.

Alikuja bibi mmoja mkandaji, akambonyeza magoti, akasema dawa ni maji ya moto, lakini si ya kumwagiwa. Yatiririke membamba juu ya goti, yasikatike, kwa muda wa kusoma Yasini moja, kila asubuhi. Yawe ya moto hasa. Ya vuguvugu ni kujilowesha bure.

Maneno ni mepesi kuyasema. Jiko letu liko juu darini, na choo cha kuogea kiko chini. Mke wangu akichemsha maji juu, ayateremshe kwa ndoo kwenye ngazi ile yetu nyembamba, akae ayamimine kwa kata kidogo kidogo. Kufikia nusu ya Yasini maji yamepoa na mkono wake unatetemeka. Hakulalamika. Ni mimi niliyeona, na nikiri kwamba niliona siku ya nne, si ya kwanza.

Nikaenda kwa fundi wa shaba. Marehemu baba aliacha sinia kubwa lililopasuka katikati, halifai kupakulia. Fundi akalikata, akalikunja likawa bomba jembamba, akaliunga chini ya sufuria kubwa ya kuchemshia. Tukalipitisha katika tundu la ukuta lililokuwa la maji ya mvua, likashuka mpaka chooni, na mwisho wake akatia bilula ndogo ya kufungulia maji, juu kidogo ya mahali Mama anapoketi. Kazi nzuri. Niliitazama kama niliyeifanya mimi.

Asubuhi ya kwanza Mama aliketi na shuka yake, mke wangu ubavuni mwake, nami nimesimama mlangoni nimegeuka, mkono nimeunyosha nyuma ya pazia kushika bilula. Nikaifungua kidogo. Mke wangu akasema yamekuja, ni baridi. Nikafungua tena. Bado baridi. Nikafungua tena, na pale Mama akapiga ukelele ambao sijausikia kwake tangu siku ya kufa baba.

Maji yalimchoma juu ya mguu. Si jeraha kubwa, ngozi iliumuka kama punje ya mbaazi, lakini ni mimi niliyelifanya.

Baadaye nilikaa nikafikiri nikaelewa. Bomba ni refu na ukuta ni baridi. Maji yakitembea polepole, hupoa njiani. Yakikimbia, hufika na moto wake wote. Baina ya polepole na mbio pana mahali pamoja ambapo maji hufika yakiwa ya moto wa kuvumilika, na pale ndipo penye dawa. Kuni zetu ni zile zile za kutoka Kililana huko bara, sufuria ni ile ile, moto mke wangu anaujua. Kilichobaki kujua ni maji yanapita kiasi gani, na hilo jicho la mtu haliwezi kulipima, maana uzi mwembamba na uzi mwembamba zaidi zafanana zikiwa chini ya bilula.

Mama akasema, "Nirejesheeni kata yangu." Yeye husema mai kwa maji, kama wazee wa kwao, akaongeza: "Mai ya kata naona yatokako. Hayo ya ukutani siyajui."

Hapo ndipo nilipotoka kwenda kutafuta kipimo.

Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, palikuwa na duka la Bohora mmoja, Mhindi mpole, aliyeuza misumari, taa, mizani, na vyuma vya kila namna vilivyotolewa katika meli zilizovunjwa. Nikamweleza. Hakucheka. Aliingia ndani akarudi na kitu cha shaba, kizito, chenye uso wa kioo kama saa lakini mkono wake ni mmoja tu.

"Hiki kilikuwa katika meli ndogo ya moshi," akasema. "Maji huingia huku, hutoka huku, na mkono huzunguka. Ukizunguka upesi, maji ni mengi. Ukizunguka taratibu, machache. Bwana, nikuulize. Maji yako ni mengi au machache?"

Hapa ndipo penye kosa langu, nami naliandika waziwazi. Nilimwambia mengi. Kwa nini nilisema hivyo? Nadhani niliona aibu kumwambia mtu aliyeshika chombo cha meli kwamba mimi nina uzi wa maji unaoangukia goti la mama yangu. Nikasema, "Mengi, alhamdulillahi," kana kwamba nimejaliwa mto.

Akanitajia bei. Ilikuwa bei ya kofia moja nzuri, yaani miezi miwili ya macho yangu. Akaona uso wangu.

"Kichukue siku tatu," akasema. "Ukikipenda tutazungumza, huenda nikapunguza. Usipokipenda kirudishe. Na jambo jingine. Maji ya visima vya hapa yakichemka huacha chokaa. Chombo chochote utakachoweka, usiache kukisafisha."

Nikaitikia vile mtu anavyoitikia akiwa ameshageuka kutoka.

Nyumbani nikakifunga chini ya bilula kwa kitambaa na nta. Tukafungua. Maji yakaingia, yakatoka. Mkono haukusogea. Tukafungua zaidi kidogo, haukusogea. Sikuthubutu kufungua zaidi ya hapo, kwani Mama alikuwa mlangoni ameegemea, anatazama.

"Saa yako imekufa," akasema.

"Labda haijazoea."

"Izoee nini? Ina mama mkwe humu ndani?" Mke wangu akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

Siku ya pili vilevile. Alasiri, baada ya swala, nilikaa barazani na wenzangu wa kila siku, na mmoja akaniuliza habari ya chombo, maana katika mji wetu mtu hawezi kubeba kitu cha shaba toka dukani mpaka kwake bila watu kumi kujua. Nikasema, "Amenipa mfu. Mkono hausogei hata kidogo." Sikusema Bohora ni mwongo. Sikusema ni tapeli. Lakini nilisema amenipa mfu, na nilisema nikiwa nimekunja midomo, na midomo nayo husema. Palikuwepo muuza samaki wakavu aliyekuwa anataka kununua mizani pale pale dukani. Akasema, "Basi na mizani yake huenda ikawa jamaa ya marehemu." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Siku ya tatu mke wangu alikifungua kile chombo akioshe kabla ya kurudishwa, kwani hapeleki cha watu na uchafu. Akamimina ndoo nzima ya maji kwa mkupuo. Nikamsikia ananiita.

"Bwana! Njoo utazame mfu wako anavyocheza ngoma!"

Mkono ulikuwa ukizunguka mbio. Akamimina tena, ukazunguka tena. Akamimina kidogo kidogo kama maji yetu ya bilula, ukasimama. Chombo kilikuwa kizima kama siku kilipotengenezwa. Maji yetu tu ndiyo yaliyokuwa machache mno, hayakuwa na nguvu ya kukiamsha.

Nilirudi dukani nimekishika kwa mikono miwili. Nikamweleza mwenye duka yote, pamoja na lile neno mengi, pamoja na baraza. Nilidhani atakasirika. Alikigeuza mkononi, akapuliza vumbi.

"Bwana, hiki kimezoea kunywa maji ya meli," akasema. "Wewe umekipa machozi."

"Nimekutia ubaya kwa watu."

"Watu wa baraza? Kesho watasema mwengine." Akakirudisha chombo rafuni. "Yule wa samaki alikuwa anunue mizani. Hakuja."

Alasiri ile ile nilikwenda barazani, na badala ya kuketi nikasimama, nikasema kwamba chombo ni kizima, kosa ni langu, niliulizwa swali nikajibu uongo, na mwenye duka hakunidanganya kwa lolote. Muuza samaki akanitazama.

"Jana mfu, leo kafufuka?"

"Hakufa. Mimi ndiye sikujua."

"Na mizani?"

"Mizani siijui. Nenda ukaipime mwenyewe, lakini usiache kwenda kwa sababu yangu."

Baadaye nilimwona na mizani mpya. Kama ni kwa maneno yangu au kwa haja yake ya mizani, sikumuuliza. Na sijui kama maneno ya pili yalifika kote yalikofika ya kwanza. Nadhani hayakufika. Ya kwanza yalikuwa na kichekesho.

Siku zilikuwa zikienda. Mama alirudia kata, na mke wangu alirudia kutetemeka mkono, na magoti yalikuwa pale pale. Ndipo alipokuja mjomba, ndugu yake Mama, mkulima wa tumbaku huko Mbwajumali. Alipanda jahazi bandarini Mtangawanda na mzigo wake wa tumbaku na nazi, akafika kwetu adhuhuri na sauti yake ikiwa imemtangulia mtaani. Alipoambiwa habari ya bomba na ya chombo cha shaba, alikaa akijipiga paja.

"Mpwa wangu! Wataka saa ya maji? Maji yana miadi na nani?"

"Mjomba, nataka kujua yanapita kiasi gani."

"Sisi kwetu kisima kimoja, mashamba manne. Mtu akivuta, maji yake yapita katika mfereji. Twajuaje kama hakuchukua zaidi? Kifuu!"

Akaniomba nazi moja aliyoileta mwenyewe. Akaivunja, nyama yake akamtupia dada yake atafune, akachukua ile nusu isiyo na macho, akaikwangua ndani kwa kisu. Kisha akaniambia nitoboe tundu katikati ya kitako. Nilileta sindano yangu nene, ile ya kutobolea kofia. Nikaipasha moto, nikatoboa.

Kazi ya kifuu ni hii, naieleza kama nilivyoiona. Kinaning'inizwa chini ya bilula kwa kamba tatu za kumbi la nazi. Maji yanaingia kwa juu, yanatoka kwa tundu la chini. Yakiingia zaidi ya yanavyotoka, yanapanda ndani ya kifuu. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma, tundu likatoa zaidi, mpaka kuingia na kutoka kukawa sawa. Hapo maji husimama, hayapandi wala hayashuki, ingawa yanapita. Ukifungua bilula zaidi, yasimama juu zaidi. Ukiibana, yashuka. Hakuna mkono, hakuna kioo. Unatazama tu maji yamesimama wapi.

Sikuamini. Nitakuwa mkweli: niliona haya. Kutoka shaba ya meli mpaka kifuu cha nazi niliona ni kushuka. Nikamuuliza mjomba kama hakuna kitu kilicho bora kidogo.

"Kipo," akasema. "Kifuu kikubwa."

Kesho yake asubuhi tulikijaribu. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba bilula haitashikwa na mimi. Ataishika mwenyewe. Mke wangu alikaa ubavuni, mjomba na mimi tukakaa nje ya pazia. Tukamsikia Mama anafungua, anangoja, anafungua.

"Baridi," akasema. "Baridi... Bado... Ee. Ee! Hapo. Msiguse kitu!"

Mke wangu akachukua msumari akakwaruza mstari ndani ya kifuu pale maji yaliposimama. Kisha Mama akafungua zaidi kidogo, akavumilia, akasema basi, na mstari wa pili ukakwaruzwa juu ya wa kwanza. Baina ya mistari miwili ndipo penye dawa. Kuanzia siku ile Mama hakuhitaji kuuliza mtu. Alitazama maji yamesimama wapi, akazungusha bilula kwa vidole viwili, akaanza Yasini yake.

Mjomba aliondoka siku ya tatu, akisema mlangoni, kwa sauti ya kusikiwa na majirani, kwamba watu wa Amu wana shaba nyingi lakini nazi zao hawazijui. Barazani walinipa jina, Bwana Kifuu. Sikukasirika. Nilikuwa nimepewa majina mabaya zaidi nami niliyastahili.

Zile wiki zilizofuata zilikuwa za raha. Asubuhi nikishona ukumbini nilisikia kisomo cha Mama kutoka chooni, na maji yakianguka bila kukatika chini ya kisomo, na harufu ya kuni ikishuka kutoka darini. Mke wangu alipata saa yake moja ya asubuhi, akaitumia kulala. Mama alianza kushuka ngazi kwa miguu, mkono ukutani. Katika swala alihama kigoda kikubwa akahamia kidogo. Siku moja nilimkuta amepiga goti moja sakafuni akitafuta kishaufu chake cha puani kilichoanguka, na aliponiona akasema, "Usitazame, utalitia husuda." Nilitazama kwa upande.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kuandika.

Wiki ya sita au ya saba Mama alitoka chooni akasema, "Mai ya yeo yalikuwa baridi," yaani maji ya leo. Nikaenda kutazama kesho yake, kabla hajaketi, mke wangu akafungua bilula. Maji yalisimama sawasawa baina ya mistari miwili. Nikamwambia Mama kifuu kiko sawa.

"Kifuu kiko sawa. Mai ni baridi."

Mke wangu naye akasema, "Bwana, tia mkono." Nikatia. Nilikuwa nimetoka nje kwenye upepo, na mkono wangu uliona joto. Nikasema ni ya moto.

Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nami nikawa nafikiri hivi, na wakati ule niliona ni fikra za haki: chombo cha kwanza nilikisingizia. Nilisikiliza upande mmoja nikakiita mfu mbele ya watu. Sasa sitafanya tena. Kifuu hakina ulimi wa kujitetea. Mistari ni ile ile, Mama mwenyewe ndiye aliyeichagua, maji yapo penye mistari. Basi kilichobadilika si kifuu. Mzee akizoea joto, huona joto ni baridi. Nikafika hata kuandika katika daftari hili, ukurasa ule wa nyuma: "Mama amedeka." Maneno mawili. Nikalala usingizi mzuri nikidhani nimekuwa hakimu.

Mama aliacha kulalamika. Alioga, akatoka, akakaa. Baada ya wiki mbili tatu nikaona amerudi kwenye kigoda kikubwa. Ramadhani ilikuwa karibu, watu walikwishaanza kuulizana habari ya mwezi. Nikaketi karibu yake, nikamwambia asivunjike moyo, maji ni yale yale.

Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua macho.

"Mwanangu, kile chombo cha Bohora ulikionea, sivyo?"

"Nilikionea."

"Ukenda ukakiomba radhi. Ukasimama barazani, mtu mzima, mbele ya watu, kwa ajili ya shaba."

"Nilimwomba mwenye duka, Mama."

"Sawa. Mwenye duka. Kisha ukaapa hutaonea chombo tena." Akavuta ukili, akaukaza. "Sasa waona amebaki nani wa kuonewa humu ndani?"

Niliinuka. Nilikwenda chooni nikafungua kamba tatu, nikakipeleka kifuu kwenye mwanga wa kiwanda, yaani ua wetu wa katikati. Nikakigeuza. Tundu lilikuwa na pete nyeupe, ngumu, kama ukoko wa chumvi katika mdomo wa mtungi. Nikaenda kuleta sindano ile ile niliyotobolea. Haikupita. Sindano iliyotengeneza tundu ilikuwa imesimama mlangoni mwa tundu lake.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Tundu limejibana, maji kidogo yakaingia yakakosa pa kutokea, yakapanda mpaka kwenye mistari, yakasimama pale yakionekana ni mengi. Na kwa kuwa yalipita kidogo, yalipoa bombani. Kifuu hakikusema uongo kwa makusudi, lakini kilisema uongo. Mama alisema kweli, na mke wangu alisema kweli, na yule Bohora aliisema kweli ile siku ya kwanza kabisa, nami nikaitikia huku natazama mlango.

Nikakwangua kwa sindano. Nikakamua ndimu mbili nikalitumbukiza tundu ndani ya maji ya ndimu, likatoa povu dogo kama linanong'ona. Alasiri ilipofika sindano ilipita.

Nilikwenda mbele ya Mama, mke wangu akiwepo, kwani alikuwa mshitaki wa pili. Nikasema maji yalikuwa baridi. Nikasema nilikuwa nimekosa, si kwa kutojua, maana kutojua kuna udhuru, bali kwa kuambiwa na watu wawili wenye ngozi nikaamini kitu kisicho na ngozi.

"Na barazani?" Mama akauliza.

"Barazani sikukusema, Wallahi."

"Umenisema wapi?"

Ana macho, mama yangu. Hajui kusoma kalamu yangu lakini anajua kunisoma mimi. Nikaleta daftari nikamsomea yale maneno mawili. Mke wangu akaziba mdomo kwa leso. Mama akafikiri.

"Kudeka, nimedeka kidogo," akasema. "Lakini si kwa mai."

Nikataka kuuchana ukurasa. Akanikataza, karatasi ni ya pesa. Upo pale mpaka leo, na chini yake nimeandika kwamba si kweli.

Asubuhi iliyofuata maji yalisimama baina ya mistari na Mama akasema "Ee!" kama siku ile ya kwanza. Tangu hapo kila Ijumaa kabla ya kuoga kwenda msikitini nakiteremsha kifuu, napitisha sindano, nakiosha kwa ndimu. Nilipita dukani pia nikamwambia yule bwana kwamba neno lake la chokaa lilikuwa kweli. Akaniuliza nilinunua kipimo gani mwishowe, kwa nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema na yeye anazo nazi nyumbani, kwa nini hakufikiri. Nilinunua kwake misumari ambayo sikuihitaji sana.

Wiki tulizopoteza hazikurudi zote. Mwezi wa Ramadhani uliandama Mama akiwa juu ya kigoda kidogo. Ahadi yake haikutimia. Naandika hili ili isionekane kwamba kosa langu halikuwa na gharama. Lilikuwa nayo, naye ndiye aliyeilipa.

Ilikuwa katika kumi la kwanza, alasiri. Nilikuwa nimeketi ukumbini na kofia gotini, nimempa mgongo, yeye anaswali nyuma yangu chumbani, mlango wazi. Nikasikia kigoda kinasukumwa, mbao juu ya sakafu. Nikadhani amekipiga teke kwa bahati mbaya. Kisha nikasikia pumzi zake, nzito, na kitambaa kikiburuta, na mifupa ikilia kama kuni mbichi motoni. Mke wangu, aliyekuwa ngazini, alisimama pale pale. Nilitaka kugeuka, akanitikisia kidole.

Pakawa kimya. Nilihesabu vitobo vya kofia, sikujua nahesabu nini. Nikafikiri ameanguka. Nikafikiri ni mimi tena, nimemshawishi kwa bomba na kifuu afanye lisilowezekana. Kisha nikasikia takbiri yake, sauti ikitoka chini, karibu na sakafu, ikapanda kidogo. Na ikashuka tena, mara ya pili.

Alipotoa salamu tulimwona ameketi juu ya msala, kigoda kimelala ubavu pembeni. Katikati ya paji la uso palikuwa na alama ya ukili, mistari myembamba myekundu. Alituangalia mmoja mmoja, mimi na mkwewe.

"Kushuka nimeshuka," akasema. "Kupanda, njooni."

Tukaenda, mmoja huku na mmoja huku. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alicheka njia nzima.